Kuchunguza uraibu kwa shajara ya kielektroniki ya mkononi: mwongozo wa hatua kwa hatua

Ukimuuliza mtu aliyeacha sigara kisha akairudia ni nini kilichomrudisha, atakupa jibu lililonyooka: "Nilikuwa na mawazo, nikagombana na mtu, nikavuta." Hasemi uongo. Ila jibu hilo amelipanga baada ya tukio, akiwa tayari anajua mambo yaliishia wapi. Mwaka 1997 Saul Shiffman wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, na wenzake walilinganisha mambo mawili: yale ambayo watu waliokuwa wakiacha sigara waliyaandika kwenye kompyuta ndogo ya mkononi mara tu walipoteleza, yaani walipovuta tena, na yale waliyoyasimulia wiki 12 hivi baadaye. Masimulizi na rekodi vilipatana kidogo mno.

Ndiyo sababu ya kumpa mshiriki shajara anayotembea nayo. Inamuuliza maswali machache pale alipo, hali yake ikiwa bado ni ileile. Njia hii ina mizizi katika kazi ya Mihaly Csikszentmihalyi huko Chicago miaka ya 1970, aliyewabebesha watu vifaa vya kupokea mlio pamoja na vijitabu vya kujaza. Mwaka 1994 Arthur Stone na Shiffman waliiwekea kanuni kwa ajili ya tafiti za afya. Siku hizi inaendeshwa kwa simu janja, lakini kanuni hazijabadilika, na makosa ya wanaoanza ni yaleyale.

Wapo watakaokushauri utumie daftari kwa sababu ni rahisi. Kabla hujakubali, fikiria utafiti wa mwaka 2002 wa Stone, Shiffman na wenzao kwa wagonjwa 80 wenye maumivu sugu. Waliopewa shajara za karatasi hawakujua kwamba ndani ya jalada kulikuwa na kihisi cha mwanga kinachorekodi kila linapofunguliwa. Kwa maandishi yao, walikuwa wamejaza asilimia 90 ya maingizo kwa wakati. Kihisi kilionyesha asilimia 11. Katika asilimia 32 ya siku jalada halikufunguliwa kabisa, na bado siku hizo zilijazwa baadaye kana kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Waliotumia kifaa cha kielektroniki walifikia asilimia 94. Faida kubwa ya kifaa basi ni mhuri wa saa usioweza kurudishwa nyuma. Usiununue mfumo wowote unaomruhusu mshiriki kujaza leo ingizo la jana.

1. Anza na swali la saa

Swali kama "Je, msongo wa mawazo unasababisha uraibu?" halihitaji shajara, na shajara haitalijibu. Linaloifaa ni kama hili: "Katika saa tano kabla ya mtu kutumia kokeini, ni nini kinachobadilika katika hali yake na mahali alipo?" Hilo ndilo David Epstein, Kenzie Preston na wenzao walilolifuatilia huko Baltimore, Marekani, katika utafiti wa wagonjwa 114 waliokuwa wakitibiwa kwa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, uliochapishwa mwaka 2009. Walichokiona ni kwamba hamu na matumizi havikutanguliwa na mambo yaleyale, na heroini na kokeini hazikwenda kwa pamoja. Hisia mbaya, kama huzuni na hasira, zilipanda kabla ya hamu ya heroini. Kabla ya kutumia kokeini, watu waliripoti zaidi kwamba wameiona dawa yenyewe, au kwamba wako katika hali nzuri. Mahojiano ya mwisho wa mwezi yasingetoa picha hiyo.

Liandike swali lako kwenye karatasi pamoja na muda wake: dakika, saa au siku. Muda huo ndio utakaoamua simu ilie mara ngapi. Ukitaka kuona kinachopanda ndani ya saa mbili, huwezi kuuliza asubuhi na usiku tu.

2. Chagua aina za maingizo, na usisahau nyakati za kulinganisha

Kuna aina tatu. Ya kwanza ni ingizo la tukio: mshiriki mwenyewe anabonyeza kitufe anapovuta, anapokunywa, anapotumia dawa, au anapobanwa na hamu kali. Ya pili ni ingizo la bahati nasibu, ambapo simu inalia saa asizozitarajia. Ya tatu ni ingizo la ratiba, kwa mfano anapoamka na kabla ya kulala, la kuuliza usingizi na muhtasari wa siku.

Wengi huweka ya kwanza na ya tatu, wakaona inatosha. Hapo ndipo utafiti unapovunjika, na huwezi kuurekebisha baada ya data kukusanywa. Tuseme rekodi zako zinaonyesha kwamba nusu ya sigara zilivutwa mtu akiwa na kikombe cha kahawa. Unaandika kwamba kahawa ni kichocheo. Lakini kama mtu huyo yuko na kahawa nusu ya muda wake wote wa kuwa macho, kahawa haijakueleza chochote. Huwezi kujua mpaka uwe umemuuliza pia katika nyakati ambazo hakuwa anavuta. Maingizo ya bahati nasibu ndiyo yanayokupa nyakati hizo, na kila mtu analinganishwa na yeye mwenyewe.

Ulinganisho huo umewahi kupindua jambo lililoonekana dhahiri. Mwaka 2002 kundi la Shiffman lilichapisha matokeo ya wavutaji 304 waliokuwa bado wanavuta kama kawaida. Sigara ilikwenda pamoja na hamu, na kwa kiasi fulani pamoja na kahawa, chakula na kuwepo kwa wavutaji wengine. Na hisia mbaya je? Hazikuwa na uhusiano wowote. Hao hao ukiwauliza kwa dodoso watakuambia wanavuta wakiwa na hasira au huzuni. Lakini kwa watu walioacha, kuteleza kwa mara ya kwanza kulihusiana na hisia mbaya, na pia na pombe. Kwa hiyo kuvuta kwa mazoea na kuteleza baada ya kuacha si jambo moja, na nyakati za kulinganisha ndizo zilizowezesha kulitambua hilo.

Kama tukio unalolifuatilia hutokea mara nyingi, mfano sigara 20 kwa siku, usimlazimishe mtu kujibu maswali yote kila mara. Abonyeze kitufe kwa kila sigara, kisha kifaa chenyewe kichague chache kwa bahati nasibu na kuziulizia kwa kina.

3. Tunga maswali yanayojibika mtu akiwa amesimama

Pima hivi: je, mtu aliyebeba mfuko mkono mmoja anaweza kumaliza ndani ya dakika mbili? Ikiwa hawezi, punguza. Mfano wa ingizo moja kwa walioacha sigara ni huu:

Uko wapi sasa hivi? (nyumbani, kazini, njiani, kwa mtu, baa, kwingine)
Uko na nani?
Kuna anayevuta unayemwona?
Sasa hivi, una hamu ya kuvuta kiasi gani? (0 hadi 10)
Sasa hivi, una hasira kiasi gani? Huzuni? Uchovu? Furaha?
Ndani ya saa moja iliyopita, umekunywa pombe?
Una uhakika kiasi gani kwamba leo hutavuta?

"Sasa hivi" imerudiwa makusudi. Ukiondoa maneno hayo mtu ataanza kukupa wastani wa siku, na utakuwa umerudi kwenye kumbukumbu uliyoikimbia. Anayetumia heroini muulize hamu na arosto kwa maswali mawili tofauti. Maumivu ya mwili na kutamani dawa vinaweza kuja pamoja au kila kimoja peke yake, na ukivichanganya hutavitenganisha tena. Maneno yenyewe yachukue kwa watu wanaoishi na hali hiyo. Kaa na wachache wao, wasomee kila swali, waambie wakueleze kwa maneno yao linauliza nini.

Usimuulize sababu. "Kwa nini umevuta?" inamfanya atunge nadharia. Muulize hali, uhusiano utautafuta mwenyewe kwenye takwimu. Na usimtake aandike saa ya kujibu, kwa kuwa kifaa kinaijua. Saa ya kuuliza ni ile ya tukio ambalo limepita bila kubonyezwa, na hilo lipewe swali lake katika ingizo la usiku, likihesabiwa kando.

Jihadhari na mtego mmoja zaidi. Kama jibu la "ndiyo" linafungua maswali kumi na "hapana" linamaliza ingizo, mshiriki atajifunza kujibu "hapana" ndani ya siku mbili. Sawazisha urefu wa njia zote mbili.

4. Panga ratiba ya milio

Milio minne au mitano ya bahati nasibu kwa siku ni kiasi kinachovumilika kwa wiki kadhaa. Gawa muda wa kuwa macho katika vipande, kisha mlio mmoja uangukie popote ndani ya kila kipande, ili usije ukapata milio mitatu asubuhi na kimya jioni nzima. Saa za kuamka na kulala aziweke mshiriki mwenyewe. Wengi wa walio kwenye matumizi makali hawalali saa za ofisi, na ratiba ya kuanzia asubuhi hadi jioni itakosa usiku wao, ambao pengine ndio unaoutafuta.

Mpe kitufe cha kuahirisha kwa dakika chache na kitufe cha kunyamazisha akiwa anaendesha gari, kazini kwenye mashine, au msibani. Ingizo lisilojibiwa ndani ya muda mfupi uliopangwa, robo saa kwa mfano, lifungwe.

5. Chagua kifaa

Hapa usipoteze wiki nzima. Tafiti za mwanzo zilitumia kompyuta za kiganjani kama PalmPilot, ambazo zilikuwa na uwezo mdogo kuliko simu yoyote ya sasa, na zilitoa matokeo mazuri. Kuna programu nyingi za kazi hii. M-Path ya Chuo Kikuu cha KU Leuven, Ubelgiji, ni mojawapo. Unachohitaji ni programu inayofanya kazi bila intaneti na kutuma data mtandao ukipatikana, inayorekodi hata milio isiyojibiwa, na inayofunga data kwa nenosiri.

Simu ya mshiriki mwenyewe ana mazoea ya kuibeba, lakini simu nyingi za Android huzima programu zinazofanya kazi chinichini ili kuokoa betri, na milio inapotea kimyakimya. Ingia kwenye mipangilio ya betri uiruhusu programu yako, mbele ya mshiriki, siku ya kwanza. Simu ya utafiti inaepusha tatizo hilo na kuongeza mzigo wa kubeba vifaa viwili.

Utasikia ikisemwa kwamba wenye uraibu watauza simu hizo. Mwaka 2006 Michael Freedman na wenzake walichapisha utafiti uliotumia simu za mkononi kwa watu wasio na makazi waliokuwa wakitibiwa uraibu wa kokeini. Kazi ya Baltimore nayo ilikwenda kwa miezi na wagonjwa wa methadoni. Weka bajeti ya simu chache zitakazopotea, kama unavyoweka ya kemikali za vipimo, uendelee. Kumnyima mtu nafasi ya kushiriki kwa dhana hiyo ni dhuluma, tena inakuachia sampuli ya watu wenye maisha yaliyotulia tu.

6. Linda washiriki kabla ya yote

Shajara hii ni orodha ya makosa ya jinai yenye tarehe na saa, ikiwa dawa husika ni haramu. Ichukulie hivyo. Jina na alama ya programu visiashirie dawa. Kinachotokea kwenye skrini iliyofungwa kiwe "Una maswali mapya", si "Umetumia leo?". Majina yasikae pamoja na majibu, ila kwa namba, na orodha ya kuunganisha namba na majina iwekwe mahali pengine kabisa. Uliza mapema sheria ya mahali unapofanyia kazi inasema nini polisi au mahakama wakitaka data. Marekani kuna Hati ya Usiri inayotolewa kwa tafiti kupitia NIH, taasisi za taifa za afya za nchi hiyo. Kwingine huenda hakuna kinga kama hiyo, na mshiriki anastahili kuambiwa hivyo kwa lugha nyepesi kabla ya kutia saini ridhaa.

Mahali alipo mtu kwa GPS ni data ya hatari zaidi kuliko majibu yake, kwa sababu inaonyesha anakolala na anakonunua. Usiikusanye ila kama swali lako haliwezi kujibiwa bila hiyo. Wakati mwingine kweli haliwezi: kundi la Epstein lilipounganisha ramani na maingizo, katika matokeo ya mwaka 2014, hamu na msongo vilikuwa chini, wala si juu, watu walipokuwa katika mitaa iliyochakaa zaidi. Hakuna aliyelitarajia hilo. Lakini hata wewe ukiikusanya, ihifadhi kwa kiwango cha mtaa, usihifadhi nukta kamili.

Kisha amua swali hili zito: mtu akiandika saa nane usiku kwamba anataka kujiua, nani anaona? Kama hakuna anayesoma majibu usiku, mwambie waziwazi siku ya kwanza, na weka ndani ya programu namba ya msaada inayopigika kwa kubonyeza mara moja. Kama unaahidi kufuatilia, ajiri wa kufuatilia. Usiache mtu aamini kwamba upande wa pili wa simu kuna anayemsikiliza ilhali hayupo.

7. Jaribu mwenyewe, kisha fundisha

Beba kifaa wiki nzima pamoja na kila mfanyakazi wa utafiti. Baada ya siku tatu mtajua ni swali gani linaudhi na ni mlio upi unaaibisha kwenye daladala. Kisha fanya jaribio dogo na washiriki wachache.

Mafunzo ya mshiriki yachukue muda wa kutosha, uso kwa uso. Ajaze maingizo kadhaa mbele yako, likiwemo la kuteleza. Mwambie hivi, na umaanishe: "Ukiteleza, ingizo hilo ni la thamani kwetu sawa na mengine yote. Hakuna atakayekugombeza, na dozi yako ya tiba haitaguswa." Ahadi hiyo lazima kituo cha tiba kiwe kimeikubali kwa maandishi kabla hujaitamka. Mfanyakazi anayekunja uso mshiriki anapoleta simu yenye rekodi za matumizi atakuharibia data kuliko hitilafu yoyote ya programu.

Mpigie siku ya pili na ya nne. Matatizo mengi ya kiufundi hujitokeza hapo.

8. Lipa kwa kujibu

Malipo yafuate milio iliyojibiwa. Usilipe kwa kila tukio lililobonyezwa, utapata matukio ya kubuni. Usilipe kwa siku safi katika utafiti huu, utapata siku safi za kubuni. Lipa kidogokidogo kila wiki badala ya kitita kimoja mwishoni, na shauriana na kamati ya maadili na washiriki wenyewe kama ilipwe fedha taslimu au kwa njia nyingine.

Usitarajie asilimia mia. Uchambuzi uliojumuisha tafiti nyingi za watumiaji wa pombe, sigara na dawa, uliochapishwa mwaka 2019, ulikuta wastani wa kujibu ni kama asilimia 75, na wenye uraibu uliothibitishwa kitabibu walikuwa chini kidogo ya wengine. Chunguza ni milio ipi inayokosekana. Ikiwa mtu hujibu vizuri wiki nzima na kunyamaza kila Ijumaa usiku, ukimya huo una maana. Angalia pia kasi: maswali saba yaliyojibiwa kwa sekunde nne hayajasomwa.

9. Pima mwili, kwa kujua mipaka ya kipimo

Gesi ya kaboni monoksidi kwenye pumzi hukuonyesha uvutaji wa saa chache zilizopita, kotinini (zao la nikotini mwilini) uvutaji wa siku chache, na mabaki ya kokeini kwenye mkojo kwa kawaida siku mbili hadi nne. Hakuna hata kimoja kinachokuambia ilikuwa saa ngapi. Kwa hiyo mkojo wa mara mbili au tatu kwa wiki na shajara ni vya kusomwa pamoja. Vikipingana, usimkabili mshiriki kama mshtakiwa. Rekodi tofauti hiyo na uione kama data.

10. Chambua ndani ya mtu

Chukua mfano wa mtu aliye katika siku ya tano ya kuacha sigara. Saa nne asubuhi simu inalia: hamu 3, hasira 1. Saa nane mchana: hamu 4, hasira 2. Saa kumi na dakika ishirini: hamu 5, hasira 6, yuko kazini, hakuna anayevuta. Saa kumi na moja na dakika tano anabonyeza mwenyewe: amevuta, yuko na mwenzake anayevuta, hasira 4. Ingizo la mwisho peke yake lingekufanya uandike "hasira ya wastani, kichocheo ni mwenzake". Ukisoma mfululizo mzima unaona hasira ilipanda kabla, na imeanza kushuka ilipofika sigara.

Toa kwanza wastani wa kila mtu kutoka kwenye majibu yake, ili hasira ya 6 kwa aliyezoea 1 isihesabiwe sawa na 6 ya aliyezoea 5. Kisha tumia modeli ya ngazi mbili, maingizo ndani ya watu. Programu ya takwimu ya R na kifurushi chake cha lme4 vinatosha kuanzia. Weka kwenye modeli wastani wa mtu na mkengeuko wake (umbali wa kila jibu kutoka wastani huo) kama vigezo viwili tofauti, kwa kuwa "watu wenye hasira huvuta zaidi" na "mtu huvuta zaidi akiwa na hasira" ni madai mawili, na moja linaweza kuwa kweli bila jingine. Linganisha saa za kabla ya tukio na nyakati za bahati nasibu za mtu yuleyule. Maingizo ya muda mfupi baada ya matumizi usiyaingize katika nyakati za kulinganisha, kwani dawa yenyewe imekwisha kubadilisha hali.

Unapoandika ripoti, taja milio iliyotumwa, iliyojibiwa, iliyoahirishwa na iliyopotea, idadi ya siku, muda wa kufunga ingizo na namna ulivyolipa. Bila hivyo msomaji hawezi kuipima kazi yako.

11. Funga utafiti vizuri

Siku ya mwisho, futa programu na data kwenye simu ya mshiriki mbele yake, mwonyeshe kwamba haipo. Kama ni simu ya utafiti, ifute upya kabisa kabla haijaenda kwa mtu mwingine. Mpe nafasi ya kuona grafu ya majibu yake akitaka, akiwa na mshauri karibu, maana kuona mwezi mzima wa hamu na kuteleza kwenye ukurasa mmoja si jambo jepesi. Muulize ni saa zipi alishindwa kujibu na kwa nini, andika majibu yake neno kwa neno, kisha uyaweke kwenye faili moja na rekodi za milio iliyopotea kabla mchambuzi hajaanza kazi.